Sensa nne zinaweza kufa saa moja? Lori lanikatia nguvu kila nikikwea Mazeras

#1 Trela_la_Babu
Waungwana salamu. Nina kichwa cha trela, injini ya komoni reli (dizeli inakaa na presha kwenye bomba moja, ndiyo reli), mfumo wa volti 24. Napakia Kilindini, Changamwe napita sawa, Miritini sawa. Nikianza kukwea kuelekea Mazeras na tani zangu mgongoni, taa ya injini inawaka na eksileta inakuwa kama nakanyaga mto wa pamba. Nashusha gia mpaka wa mikokoteni wananipungia mkono. Nikiegesha, nikazima switchi dakika mbili, nikawasha, laenda kama jipya. Mara mpaka Samburu, mara mpaka Voi. Halina adabu ya mahali.

Fundi alileta mashine ya kusoma kodi, zile namba za makosa kwenye kompyuta ya injini. Zilitoka nne kwa mpigo, kila moja ya sensa yake (kidude cha kupimia): presha ya reli, presha ya tabo, presha ya oili na pedali ya eksileta. Zote zasema volti iko chini. Kulikuwa na ya tano, SPN 3509 FMI 4, akasema hiyo tuiache. Tumebadilisha sensa ya reli na ya tabo, shilingi 31,000 zimekwenda, ugonjwa ule ule. Sasa anataka tununue ya oili. Mimi si fundi, ila nauliza kwa akili ya duka: vitu vinne vinaweza kufa siku moja saa moja?

#2 Pweza_Mkavu
Sensa ilikuwa 2019. Kodi nazo peleka KRA. Umekosea jukwaa, yakhe.

#3 Fundi_Volti
@Trela_la_Babu hiyo ya tano mliyoiacha ndiyo iliyokuwa na habari yote. SPN 3509 ni laini ya umeme wa kulisha sensa, namba moja. FMI 4 maana yake volti imeshuka chini ya inavyotakiwa. Kwenye injini za Cummins kodi hiyo hiyo huonekana kama 352. Ikiwa laini namba mbili ndiyo iliyoshuka, utaona 187.

Kompyuta ya injini haizipi sensa volti 24 za bateri. Inazipa 5, na hizo 5 zinagawanywa kwa sensa kadhaa kwa waya mmoja unaochipuka ndani ya waringi (fungu la waya za injini). Ni kama mfereji wa ploti: mmoja akipasua bomba lake, nyumba nzima hawaogi. Sensa moja ikipiga shoti, au waya mmoja ukachunika ukagusa chuma, 5 zinakuwa 2 au sifuri, na kila sensa kwenye laini hiyo inaonekana imekufa. Hazijafa. Zina njaa.

#4 MzeeSpana
Vijana mwapenda umeme. Lori likichoka mlimani na mzigo, hiyo ni filta ya dizeli au tangi lina uchafu. Nimefungua pampu tangu enzi za injini zisizo na hata waya mmoja zaidi ya wa kuzimia. Badilisha filta kwanza, ni bei ya chakula cha mchana.

#5 Fundi_Volti
Mzee wangu nakuheshimu, na filta ikiziba kweli presha ya reli itashuka mlimani. Lakini filta ya dizeli itashushaje volti ya sensa ya oili? Na ya pedali iliyo miguuni mwa dereva?

#6 MzeeSpana
Sijasema najua. Nimesema ni bei rahisi.

#7 BintiWaGereji
Fundi_Volti yuko sawa ila niongeze, maana hapa watu watakimbilia kuchomoa kila kitu.

Sensa za waya tatu ndizo zinazokula hizo volti 5: mmoja wa kulisha, mmoja wa kurudi, mmoja wa kupeleka habari. Za joto la maji au la hewa kwa kawaida ni waya mbili, hazina waya wa kulisha. Usipoteze siku nzima kwenye sensa ya joto.

Ukitaka kujua kosa liko upande gani, angalia kodi zimeegemea wapi. Zote zikisema chini, shuku waya wa kulisha umekatika au umegusa bodi (chuma cha gari). Zote zikisema juu, shuku waya wa kurudi umekatika, au wa kulisha umegusa umeme wa bateri. Hilo la mwisho ni baya. Shoti ya bodi kompyuta nyingi huvumilia, lakini volti 24 zikiingia kwenye laini ya 5 waweza kuzika kompyuta.

Za kwako zote ziko chini. Shukuru.

Halafu kupima: switchi iwe ON, injini imezimwa. Chomoa plagi ya sensa moja, weka mita kati ya waya wa kulisha na wa kurudi. Itoke kati ya 4.75 na 5.25. Ikiwa chini, acha mita hapo hapo, nenda ukichomoa sensa zilizobaki moja moja. Volti zikiruka kurudi 5, uliyoichomoa mwisho ndiyo mchawi. Umechomoa zote na bado ziko chini? Basi ni waya, au kompyuta yenyewe. Na kompyuta iwe ya mwisho kushukiwa, si ya kwanza kama wanavyofanya wenye haraka ya kuuza.

#8 Mkuu_wa_Tanga
Wakuu shikamooni. Kwa nini mnahangaika na mita? Chukua taa ya tesita, gusa waya wa kulisha, ikiwaka upo, isipowaka haupo. Nimefanya kazi hii miaka 12.

#9 BintiWaGereji
Marahaba, lakini USIFANYE HIVYO. Balbu ya tesita inavuta umeme mwingi kuliko laini ile inavyoweza kutoa. Itazishusha volti yenyewe kisha utasema umeona shoti. Shoti ni wewe.

#10 Mkuu_wa_Tanga
Nimekubali nusu. Je, kama nimechomoa waya pande zote mbili, kwenye kompyuta na kwenye sensa, nikaupitishia umeme wa bateri na balbu kubwa ya breki mwisho wake?

#11 Fundi_Volti
Hapo umesema kweli, na ni bora kuliko kupima omu. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba bado mita inausoma sifuri omu, inalia piiii kwa furaha. Ukiupa mzigo wa balbu ndipo unaona mwanga wa kibatari. Ila hakikisha pande zote mbili ziko nje. Narudia, ZOTE MBILI.

#12 Pweza_Mkavu
Mtanzania kasahihishwa kisha kasahihisha. Ngoma droo. Mahamri yaletwe.

#13 NyumaYaUsukani
Mimi ni dereva tu, si mwenye mali. Lori nililokuwa naendesha lilikuwa na tabia hiyo hiyo na tatizo lilikuwa maji. Si mvua, maji ya kuoshea. Wale wa kawoshi wengi hapa Mombasa wanavuta maji ya kisima, na visima vyetu si kila mahali maji yake ni tamu. Anapiga mashine ya presha moja kwa moja kwenye injini ya moto, plagi zanyonya. Baada ya miezi miwili unafungua unakuta unga wa kijani kwenye pini. Chumvi na maji ni waya tosha, umeme unavuja kutoka pini hadi pini.

@Trela_la_Babu unaosha wapi?

#14 Trela_la_Babu
Kibarani, kila Jumamosi. Wanaosha mpaka chini ya bonneti, na mimi nilikuwa naongeza hamsini ya ahsante.

#15 NyumaYaUsukani
Umelipia ugonjwa.

#16 Baharia_Mstaafu
Salaam. Nimefanya kazi vyumba vya injini baharini, huko chumvi ndiyo hewa. Kwenye meli sensa nyingi za presha hazifanyi mchezo wa volti 5. Zinatumia waya mbili na miliampea 4 hadi 20. Presha ikiwa sifuri unapata 4, ikijaa unapata 20. Ukisoma 0 kabisa unajua waya umekatika, si presha imekwisha. Hata hizi za malori zimejengewa ujanja kama huo: presha ikiwa sifuri sensa nyingi hutoa karibu nusu volti, ikijaa karibu 4.5. Chini ya hapo kompyuta inajua haisomi presha, inasoma msiba.

Ila mkumbuke sensa hizi hupima kwa uwiano. Ukiilisha 4.6 badala ya 5, jibu lake nalo linapungua kwa kadiri hiyo. Waweza kuwa na lori lisilowasha taa yoyote lakini linavuta vibaya, kwa sababu kila presha inasomwa pungufu kidogo.

Kuhusu plagi: msizijaze ile silikoni inayonuka siki. Ile harufu ni asidi, inakula shaba. Safisha kwa spreyi ya kontakti, kausha, paka grisi ya umeme kidogo kwenye mpira wa plagi.

#17 MamaMatatu_Mtwapa
Mimi gari langu ni Hiace ya dizeli, si trela, lakini naleta kisa. Liliegeshwa wiki mbili kesi ya leseni ikisubiriwa. Kuja kuliwasha, kodi kama shanga. Fundi akaniambia kompyuta, elfu 60. Mjomba wangu akafunua kifuniko cha juu ya injini akakuta kiota cha panya kimetandikwa vizuri na manyoya ya kiti, na waya mbili zimetafunwa hadi shaba. Tepu ya umeme na solda, shilingi mia tatu. Panya alihamishwa kwa heshima.

#18 Pweza_Mkavu
Alilipwa fidia?

#19 Karani_wa_Shimanzi
Mbona hamjataja alteneta, mashine ya kuchaji bateri? Diodi moja ikifa, alteneta inachaji bado, unaona 27 au 28 kwenye mita unaridhika, kumbe inatoa mawimbi ya AC yanayochafua umeme wote. Weka mita kwenye AC, pima kwenye bateri injini ikizunguka na taa zimewashwa. Ikizidi nusu volti hivi, anza kushuku. Sisi tulihangaika na sensa mwezi mzima, alteneta ikabadilishwa, kimya.

#20 Fundi_Volti
Inawezekana, lakini kompyuta ina kazi ya kusafisha umeme ule kabla ya kutengeneza zile 5. Umeme mchafu wa alteneta mara nyingi huleta kodi za kurukaruka, leo hii kesho ile. Huyu mwenzetu anapata zile zile nne kila mara, mahali pale pale.

#21 Karani_wa_Shimanzi
Amesema mwenyewe halina adabu ya mahali.

#22 Fundi_Volti
Linapopona ndiko hakuna adabu. Linapougua ni Mazeras. Soma #1 polepole.

#23 BintiWaGereji
Na hapo ndipo pa kufikiri: kwa nini mlimani? Nina sababu mbili na zote zinakaa sawa. Ya kwanza ni joto. Sensa ina kasoro ndani, ikipata moto inapiga shoti, ukizima dakika mbili inapoa kidogo inaamka. Ya pili ni kujipinda. Injini ikivuta mzigo inajinyonga juu ya mipira yake, waringi uliofungwa vibaya unavutwa na kugusa bracket ya alteneta au ukingo wa bodi. Kwenye tambarare haugusi.

Njia ya kuzitenganisha: egesha, injini ZII, mita kwenye laini ya 5. Kwanza tikisa waringi mkono kwa mkono kuanzia kompyuta mpaka mwisho. Kisha chukua bloa ya kukausha nywele, pasha sensa moja moja. Itakayoshusha volti, umeipata.

Jambo la tatu silipendi. Kwenye injini nyingi pedali ya eksileta haiko kwenye laini moja na sensa za injini. Pedali huwa na njia mbili za kupimia, makusudi, ili moja ikifa nyingine itoe ushahidi, na huwa zina ulishaji wake. Kwa nini basi pedali yako inaanguka pamoja na presha ya oili?

#24 Trela_la_Babu
Dada umenitia baridi. Kesho naenda kwa fundi mwingine na bloa ya mke wangu.

#25 KijanaWaJomvu
Boss, kabla ya kwenda: kuna mtu amechomelea chasisi hivi karibuni? Sisi tulichomelea trela bila kuchomoa bateri wala kompyuta. Jioni lori likawaka, asubuhi halijitambui.

#26 Trela_la_Babu
Hapana kuchomelea. Mwezi wa tatu nilifungiwa trakingi (kidude cha kufuatilia lori liliko), na gavana la kuzuia mwendo kasi likabadilishwa.

#27 BintiWaGereji
GAVANA!

#28 Fundi_Volti
Duh. Na ulikuwa unangoja nini kutuambia?

#29 Trela_la_Babu
Hamkuuliza.

#30 BintiWaGereji
Wasiojua: gavana za magari yenye pedali ya umeme haziwezi kuvuta kebo kama zile za zamani, maana kebo hakuna. Zinaingia katikati ya pedali na kompyuta, zinasoma mguu wako kisha zinapeleka habari yake zenyewe. Kwa hiyo waya za pedali hukatwa na kuungwa. Fundi akiungia vizuri, huna neno. Akikosa mahali pa kupata umeme wa kisanduku chake akachukua popote, au akaunganisha ethi (waya wa kurudi) ya pedali na ya bodi, ndiyo hayo.

Nimewahi kuona mtu wa trakingi ametoa umeme wa kidude chake kwenye waya wa volti 5 wa sensa kwa sababu "ulikuwa karibu". Sikulala siku hiyo kwa kucheka na kulia.

#31 MzeeSpana
Sheria za waziri Michuki za 2004 zilituletea gavana na mikanda, ajali za matatu zikapata breki. Sina ugomvi na gavana. Nina ugomvi na waya iliyoungwa kwa meno.

#32 Mkuu_wa_Tanga
Mzee anasema kweli, kwetu nao wapo wa meno.

#33 Trela_la_Babu (siku chache baadaye)
Nimerudi, na taarifa ni ndefu kidogo.

Fundi wa pili ni kijana mpole, anapima kabla ya kusema. Switchi ON, alisoma 5.01. Akatikisa waringi wote robo saa, mita haikutingishika. Akapasha sensa ya reli, kimya. Ya tabo, kimya. Ya oili: baada ya dakika tatu mita ikashuka 4.4, 3.7, 2.3, na taa ikawaka kwenye dashibodi. Akaichomoa, 5.01. Watu wote gerejini wakapiga makofi. Bloa imeungua mkono, mke wangu hajui bado.

Tumenunua sensa ya oili (ndiyo, ile ile aliyoitaka fundi wa kwanza, mnicheke). Plagi tukafungua zote, mbili zilikuwa na unga wa kijani kama alivyosema @NyumaYaUsukani. Tukasafisha, tukapaka grisi.

Safari ya kwanza na mzigo: Mazeras nimepanda nikiimba. Mizani ya Mariakani nimepita, nikafika Voi, nikarudi.

Safari ya pili jana usiku, mvua. Mazeras tena. Taa. Lakini safari hii nguvu ilipungua kidogo tu, na kodi ni mbili: ya pedali, na SPN 3510 FMI 4. Ile 3509 haipo.

#34 Fundi_Volti
3510 ni laini namba mbili. Basi ulikuwa na maradhi mawili, moja limetibiwa. Sensa ya oili ilikuwa kweli.

#35 BintiWaGereji
Au ni moja lenye mikono miwili. Kama gavana limeunganisha laini mbili mahali fulani, sensa ya oili ilipopiga shoti ilivuta zote mbili, ndiyo maana pedali ilianguka pamoja nayo. Sasa oili imepona lakini muungano bado uko, na mvua imeingia kwenye kisanduku.

#36 NyumaYaUsukani
Au kawoshi. Pedali nayo ina plagi, na wale huosha mpaka kabini. Mvua haihitaji gavana ili iingie.

#37 Karani_wa_Shimanzi
Au alteneta. Usiku, mvua, taa zote, waipa, feni. Ndipo alteneta inapobebeshwa mzigo. Hamjapima AC hadi leo.

#38 MzeeSpana
Au filta.

#39 Pweza_Mkavu
Mzee usikate tamaa, siku yako itafika.

#40 Baharia_Mstaafu
Sensa ya oili mliyoitoa, mliitazama kwenye plagi? Wakati mwingine sensa hupasuka ndani na oili inapanda ndani ya waya kidogo kidogo, kama utambi wa taa, hadi kwenye plagi ya kompyuta. Chomoa plagi kubwa ya kompyuta utazame kama pini zina mafuta. Na kijana asichomeke ncha nene ya mita ndani ya matundu ya plagi, yanapanuka, kesho unapata kosa ambalo leo halikuwepo. Atumie sindano nyembamba kwa nyuma.

#41 Trela_la_Babu
Ami ahsante, tumetazama leo asubuhi. Pini za kompyuta kavu. AC kwenye bateri, taa na waipa zikiwa zimewashwa, imesoma 0.18. @Karani_wa_Shimanzi pole.

Gavana tumelifuata. Kisanduku kimefungwa na lakiri, nikikata nitakuwa na kesi barabarani. Waya zake zimepita chini ya zulia la dereva, zimezungushwa tepu nyeusi, na tepu ina unyevu. Fundi hakutaka kugusa bila aliyelifunga kuwepo. Aliyelifunga simu yake haipatikani tangu saa nne.

#42 Karani_wa_Shimanzi
0.18 gari likiwa limesimama. Mlimani je?

#43 Fundi_Volti
Tafuta kituo kingine chenye ruhusa ya kufunga gavana, walifungue wao na walifunge tena wenyewe. Usikate lakiri.

#44 Trela_la_Babu
Jumatatu. Leo nina kontena la saa tisa usiku, siwezi kuliacha bandarini liniletee gharama za kulala. Fundi amechomeka waya mbili nyembamba nyuma ya plagi ya pedali, amezipitisha hadi kwenye mita yake, ametega mita irekodi volti ya chini kabisa. Imefungwa kwa raba juu ya dashibodi. Tanboi ndiye ataisoma tukianza kukwea, mimi macho yangu barabarani.

#45 BintiWaGereji
Mwambie aandike na saa, na kama waipa zilikuwa zinafanya kazi au la.

#46 Pweza_Mkavu
Mwambie asilale.